Petroli Rahisi, Matumizi Makubwa: Somo Kuhusu Gharama za Mgeni Anayefanya Kazi Saudia



Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA inapotangaza bei mpya za mafuta, maneno huwa yale yale kwenye daladala, kwenye vikao vya VICOBA na hata nje ya kanisa watu wanapoagana. Hakosi mtu wa kusema kwamba kule Uarabuni petroli ni bei ya maji. Kauli hiyo ina ukweli mkubwa. Katika sehemu kubwa ya mwaka 2024 lita moja ya petroli Dar es Salaam ilizidi shilingi 3,000, wakati mtu wa Riyadh au Jeddah alikuwa akilipa riyali 2.18, yaani karibu nusu ya bei yetu. Kinachotusumbua ni hitimisho linalofuata baada ya kauli hiyo: kwamba kwa kuwa mafuta ni rahisi, basi kila kitu ni rahisi, na kijana wetu aliyepata kazi huko atakuwa anaweka akiba karibu mshahara wote.

Hitimisho hilo si la mitaani tu. Tumelikuta limeandikwa kwenye bajeti. Kamati inapanga kuezeka zahanati, na katika safu ya mapato inaandika michango ya vijana walio nje kana kwamba fedha ziko benki. Familia inaweka shamba rehani ili kijana asafiri, ikihesabu mshahara wa miezi sita bila kutoa hata riyali moja ya matumizi yake. Mwaka unapita, fedha hazijafika kama zilivyotarajiwa, na jina la kijana linaanza kusemwa vibaya jumuiyani kwamba amesahau kwao. Mara nyingi hajasahau. Hesabu ndiyo iliyokuwa pungufu tangu mwanzo.

Kwa hiyo katika somo la robo hii tunaitazama nchi moja tu, Saudi Arabia, kwa sababu ndiko vijana wengi wa Afrika Mashariki wanakoelekea, na kwa sababu bei zake zinaonyesha wazi nani hasa hulipia mafuta yanayoitwa rahisi.

Urahisi ulitoka wapi

Hadi mwishoni mwa mwaka 2015 petroli ya kawaida ya Saudia, ile inayoitwa 91, iliuzwa riyali 0.45 kwa lita. Riyali imefungwa kwenye dola tangu mwaka 1986 kwa kiwango cha riyali 3.75 kwa dola moja, kwa hiyo bei hiyo ilikuwa senti 12 za Marekani. Pipa moja la mafuta lina lita kama 159. Ukizidisha unapata dola 19 kwa pipa zima, na hayo ni mafuta yaliyokwisha kusafishwa na kufikishwa kituoni. Mwaka 2013 pipa la mafuta ghafi, ambalo halijasafishwa, lilikuwa likiuzwa katika soko la dunia kwa zaidi ya dola 100.

Tofauti hiyo haikuwa zawadi iliyoshuka kutoka mbinguni. Ni fedha ambazo serikali iliamua kutozikusanya, kwa kuwauzia watu wake mafuta ambayo ingeweza kuyauza nje kwa bei kubwa. Hapa kwetu mambo yako kinyume: ndani ya bei ya lita moja kuna ushuru wa bidhaa, tozo ya barabara na tozo nyinginezo, ambazo hulipia lami na umeme wa vijijini. Wao walikuwa wanapunguza bei kwa hazina yao, sisi tunaongeza bei ili kuijaza hazina yetu.

Tuseme pia jambo ambalo mara nyingi halisemwi. Ruzuku ya mafuta humfaa zaidi mwenye gari kubwa. Mwenye magari matatu nyumbani alipata mara tatu ya mwenye gari moja. Mfanyakazi wa ujenzi anayelala kambini na kupelekwa kazini kwa basi la kampuni hakuwahi kusimama kwenye pampu, na msichana wa kazi za ndani vivyo hivyo.

Bei ya mafuta duniani ilipoanguka, kutoka zaidi ya dola 110 katikati ya mwaka 2014 hadi chini ya dola 30 Januari 2016, hazina ya Saudia ilipata pigo. Tarehe 28 Desemba 2015 serikali ilitangaza pengo la bajeti la riyali bilioni 367, na siku hiyo hiyo ikapandisha bei ya mafuta. Petroli ya 91 ikatoka riyali 0.45 kwenda 0.75. Januari 2018 ikafika 1.37, na ile ya daraja la juu, 95, ikaruka kutoka 0.90 hadi 2.04. Tangu Julai 2021 serikali imeweka kikomo: mnunuzi hulipa 2.18 kwa ile ya 91 na 2.33 kwa ile ya 95, na bei ya soko ikizidi hapo serikali ndiyo hubeba. Ndiyo maana mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei dunia nzima, mtu wa Riyadh hakuona mabadiliko kituoni.

Dizeli haikupata ulinzi huo. Mwaka 2018 ilikuwa riyali 0.47 kwa lita. Ilipandishwa kila Januari kuanzia 2022, na Januari 2025 ikafika 1.66. Hiyo ni zaidi ya mara tatu. Kamati za vijijini hazihitaji kufundishwa maana ya dizeli: ndiyo iliyo ndani ya bei ya nyanya, ya saruji, na ya kila kitu kinachobebwa na lori.

Pale ambapo mgeni hulipa

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba serikali ya Saudia ilipopandisha bei haikuwaacha raia wake hivi hivi. Desemba 2017 ilianza kulipa fedha taslimu kwa familia za raia zenye kipato cha chini na cha kati, kupitia mpango uitwao Hesabu ya Raia. Jina linajieleza. Kwa kawaida mfanyakazi wa kigeni hayumo. Yeye alipokea bei mpya bila kupokea fidia.

Hatusemi hivi ili kulaumu. Nchi yoyote huanza na watu wake, na sisi tungefanya vivyo hivyo. Lakini vijana wetu wengi husikia habari za Uarabuni kutoka kwa ndugu waliokwisha kuwa raia, hasa wale wa Oman ambako Kiswahili kinazungumzwa nyumba kwa nyumba kwa sababu ya historia ya Zanzibar. Maisha wanayosimuliwa ni ya raia. Watakayoyakuta ni ya mgeni.

Jambo la pili ni kodi. Saudia haina kodi ya mshahara kwa mfanyakazi, na hilo ni faida ya kweli. Lakini Januari 2018 ilianza kutoza Kodi ya Ongezeko la Thamani, VAT, kwa asilimia 5, na Julai 2020 ikaipandisha hadi asilimia 15. Chakula hakikuachwa. Mchele, mafuta ya kupikia, maziwa ya mtoto, vyote vinatozwa. Mtu mwenye mshahara mdogo hutumia sehemu kubwa zaidi ya mshahara wake kula, kwa hiyo kodi ya namna hii humgusa kuliko anavyoguswa bosi wake.

Jambo la tatu ni umeme. Kwa anayepanga nyumba yake hili si dogo, kwani bila kiyoyozi joto la Juni hadi Septemba halivumiliki. Kabla ya mwaka 2018 uniti 2,000 za mwanzo zilitozwa riyali 0.05 kila moja. Tangu Januari 2018 kila uniti ni riyali 0.18 hadi kufikia uniti 6,000.

La nne ndilo kubwa kuliko yote, nalo halijadiliwi sana huku kwetu. Tangu Julai 2017 mfanyakazi wa kigeni anayeishi na familia alianza kulipa ada kwa kila mtegemezi. Ilianza na riyali 100 kwa mwezi kwa kila mtu, ikaongezeka kwa 100 kila mwaka, na Julai 2020 ikafika riyali 400. Mke mmoja na watoto wawili ni riyali 1,200 kila mwezi. Kwa mwaka ni riyali 14,400, sawa na dola 3,840, kabla hawajala wala kulala.

Hesabu ya familia moja

Tuchukue mfano tulioutunga wenyewe, wa fundi wa mitambo mwenye mke na watoto wawili na mshahara wa riyali 5,000 kwa mwezi. Tuseme gari lake linakunywa lita 150 kwa mwezi. Mwaka 2015 angelipa riyali 67.50. Kwa bei ya 2.18 analipa 327. Ongezeko ni riyali 259.50.

Mwezi wa joto nyumba yake hutumia uniti 2,000 za umeme. Zamani ilikuwa riyali 100. Sasa ni 360, na ukiongeza VAT ni 414. Ongezeko ni 314. Chakula cha riyali 1,200 kinaongezewa VAT ya 180. Kisha ada ya wategemezi watatu, ambayo mwaka 2015 haikuwapo kabisa, 1,200.

Jumla ya ongezeko ni riyali 1,953.50 kwa mwezi. Ni karibu riyali mbili katika kila riyali tano za mshahara wake, na hatujagusa kodi ya nyumba, ada ya shule wala kupanda kwa bei kwa kawaida. Sasa tazameni tena ile petroli tuliyoanza nayo. Ongezeko lake ni riyali 259.50 tu, hata sehemu moja ya saba ya jumla haifiki. Mtu aliyekuwa akitazama pampu peke yake angesema maisha hayajabadilika sana.

Wengi waliokutana na hesabu hii kati ya 2017 na 2020 waliamua kurudisha familia makwao na kubaki peke yao kazini. Wengine waliondoka kabisa. Katika miaka hiyo wafanyakazi wa kigeni waliotoka nchini humo walihesabiwa kwa mamia ya maelfu. Kwa parokia jambo hili lina uso wake. Mama anarudi na watoto waliosoma kwa Kiarabu au Kiingereza, anafikia kwa bibi, anatafuta shule katikati ya mwaka. Jumuiya inadhani amerudi na fedha. Kumbe amerudi kwa sababu fedha hazikutosha.

Kwa wanaokaa mijini kodi ya nyumba nayo imekuwa mzigo. Kodi za nyumba Riyadh zilipanda kwa kasi, hadi Septemba 2025 serikali ikazuia wenye nyumba wa jiji hilo kuongeza kodi kwa miaka mitano. Kwa aliyekwisha panga ni nafuu. Anayefika leo anaanzia kwenye bei iliyokwisha kupanda.

Na msichana wa kazi za ndani?

Kamati nyingi zitauliza hili kwanza, na ni sawa, maana ndio wengi. Kwake yeye habari ni tofauti. Hana gari, hapangi nyumba, hana wategemezi wa kulipiwa ada huko, na chakula na malazi ni juu ya mwajiri. Kwa upande wa gharama za kila siku yuko salama kuliko fundi wa mfano wetu. Tatizo lake ni kwamba mshahara wenyewe ni mdogo, kwa hiyo hata matumizi madogo yanaonekana.

Tuseme mkataba ni wa riyali 900. Hiyo ni dola 240. Tukihesabu dola moja kwa shilingi 2,600, ni shilingi 624,000. Humo ndani atoe vocha na bando la kuzungumza na watoto wake, sabuni na vitu vya mwanamke, dawa ndogo ndogo, na gharama ya kutuma fedha. Akifaulu kutuma riyali 600 kwa mwezi amejitahidi sana, nazo ni shilingi 416,000. Familia iliyokopa ikitegemea 624,000 imeshakosa shilingi 208,000 kila mwezi kabla jambo lolote baya halijatokea. Kwa mwaka ni karibu milioni mbili na nusu. Hapo ndipo shamba huondoka.

Upande wa pili wa mizani tusiusahau. Kwa sababu riyali imefungwa kwenye dola, shilingi inaposhuka fedha anayotuma inaongezeka thamani hapa nyumbani bila yeye kuongezewa mshahara. Wapo waliosomesha wadogo zao na kujenga kwa fedha hizo hizo. Hatuandiki haya kumzuia mtu kusafiri.

Kuhusu majirani kwa kifupi

Msichukue tarakimu za Saudia na kuziweka juu ya nchi nyingine za Ghuba. Umoja wa Falme za Kiarabu uliacha ruzuku ya petroli Agosti 2015, na bei yake hutangazwa kila mwezi kufuata soko la dunia, karibu kama hapa kwetu. VAT yao ni asilimia 5. Oman ilifuata soko kuanzia Januari 2016, kisha ikaweka kikomo mwishoni mwa 2021. Mwaka 2025 petroli ya 91 ilikuwa baisa 229 na ya 95 baisa 239. VAT ya Oman ni asilimia 5 tangu Aprili 2021. Kuwait haijaanza VAT. Kila nchi ihesabiwe peke yake.

Kazi ya kamati

Tunapendekeza kamati ya maendeleo ya parokia, kabla ya kumdhamini kijana kwa mkopo au kuandika mchango wake kwenye bajeti, ikae naye pamoja na wazazi wake kwa muda wa jioni moja na mkataba mezani. Si kwa kumhoji kama mtuhumiwa. Mara nyingi yeye mwenyewe hajausoma wote.

Swali la kwanza liwe nani analipa nini. Sheria ya kazi ya Saudia inamtaka mwajiri alipe gharama za kumleta mfanyakazi, kibali cha ukaazi kiitwacho iqama na kukifanya upya, visa ya kutoka na kurudi, na tiketi ya kurudi nyumbani kazi inapokwisha. Wafanyakazi wa ndani wana kanuni zao mbali na sheria hiyo, na mikataba yao hupita kwenye mfumo wa serikali uitwao Musaned, ambako pia gharama za kuwaleta ni za mwajiri. Basi wakala akidai kijana akope nauli, kamati iulize kwa nini, na ijibiwe kwa maandishi. Wakala asiye na leseni asipewe hata shilingi ya usafiri wa kwenda mjini.

Swali la pili: analala wapi, anakwendaje kazini, na chakula ni cha nani? Mshahara wa riyali 1,500 pamoja na malazi, basi na chakula unaweza kuacha zaidi ya mshahara wa 2,500 ambao mtu anajilipia yote. Watu hukimbilia ile namba kubwa.

Swali la tatu ni kwa mwenye fani, kama vile fundi, muuguzi au mwalimu, anayetaka kwenda na familia. Kwanza, si kila mgeni anaruhusiwa; kazi yake na kiwango cha mshahara huangaliwa. Pili, azidishe riyali 400 kwa idadi ya watu na kwa miezi 12, aandike jibu kwa shilingi, kisha aulize kama mwajiri atalilipa au la. Waajiri wengine hulipa. Likiwa halimo kwenye mkataba, lihesabiwe kuwa ni lake.

Kuhusu michango ya parokia, ushauri wetu ni kutoandika kwenye bajeti ya ujenzi fedha yoyote ya aliye nje kabla hajamaliza mwaka mmoja kazini, na baada ya hapo kuandika kile alichokwisha tuma, si alichoahidi. Wafadhili wanaosoma jarida hili watatuelewa: tungependa kupokea bajeti ndogo yenye ukweli kuliko kubwa inayotegemea mshahara wa mtu ambaye bado yuko kwenye foleni ya pasipoti.

Mwisho, karatasi ya hesabu iandikwe tarehe na kutunzwa na katibu. Bei nyingi tulizozitaja zilibadilishwa mwezi Januari, kwa hiyo kila Januari katibu aitoe karatasi hiyo, ampigie kijana simu kuuliza bei za huko, na kuandika upya safu ya matumizi.